Kura ya Mgombea wa Chama Kidogo Mtwara na Lindi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mjukuu wangu, mimi kura yangu simpi mtu wa kushindwa."

Bibi mmoja wa Nanguruwe aliniambia hivyo amekaa mkekani anabangua korosho, ganda huku, kiini kule, vidole vimeiva weusi kwa utomvu. Mgombea mwenyewe, bibi alikuwa anampenda. Alimsifu kwamba ni mtoto wa watu, akipita anasalimia, na shida ya pembejeo anaijua kwa sababu na yeye ana mikorosho. Ila chama chake kidogo, na kwa bibi kumpigia kura mtu wa chama kidogo ni kutwanga maji kinuni.

Nimewahi kuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura, na maneno ya bibi yule nimeyasikia kila mahali, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Lindi mjini hadi kwenye foleni ya mnada wa korosho. Yananiuma, kwa kuwa mengi si kweli, na watu wazima wenye akili zao wanayatumia kuamua nani akawasemee Dodoma. Niyachukue yale ninayokutana nayo zaidi. Nikisema chama kidogo, au chama cha tatu, nakusudia chama ambacho kitaifa si chama tawala wala si chama kikuu cha upinzani.

"Chama cha tatu hakiwezi kuchukua jimbo"

Hili likisemwa na mtu wa mikoa mingine nitamwelewa. Likisemwa na mtu wa kusini, nashangaa.

Mwaka 2010 CUF ilikuwa ya tatu katika kura za urais. Mgombea wake alipata asilimia 8 na ushei, nyuma sana ya CHADEMA iliyofikia 27. Mwaka huohuo Lindi Mjini ilimchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF, na Kilwa Kusini ikamchagua Selemani Bungara, yule tuliyemzoea kwa jina la Bwege. Barwany aliweka historia nyingine, ya kuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa jimbo nchini. Tukumbuke hiyo ni miaka ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kuuawa. Watu wa Lindi walikwenda kwenye kituo, wakamweka tiki mtu wa chama cha tatu, mwenye ngozi iliyokuwa inatafutwa na wauaji, wakampeleka bungeni. Mimi hilo huwa nawaambia vijana kila nikipata nafasi, maana wengi hawalijui.

Mwaka 2020 ndiyo unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mgombea urais wa CUF hakufika hata asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Wapinzani walioshinda majimbo ya Bara walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao alikuwa Shamsia Azizi Mtamba wa CUF, jimbo la Mtwara Vijijini, lenye Msimbati na Madimba inakotoka gesi, na hiyo Nanguruwe ya bibi yangu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba wanasikia redioni chama fulani kina asilimia ngapi kitaifa, wanaibeba asilimia hiyo hadi kijijini kwao. Uchaguzi wa mbunge haupigiwi kwa hesabu ya taifa. Anayeshinda ni aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndani ya jimbo lile, wala hatakiwi kufikisha nusu. Tuseme jimbo lina kura halali 30,000: wa kwanza 12,000, wa pili 10,500, wa tatu 7,500. Wa kwanza ndiye mbunge, ingawa watu 18,000 hawakumtaka. Kwa hesabu hiyo, chama kisicho na mtu hata mmoja Mwanza wala Mbeya kinaweza kuwa cha kwanza Kilwa.

"Huyo anagawa kura tu, katumwa"

Hapa lazima niseme kweli yote. Ukirudi kwenye mfano wangu, wa pili na wa tatu wakiunganisha kura wanampita wa kwanza. Kura kugawanyika ni jambo lipo, na vyama vyenyewe vinalijua. Ndiyo maana mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD viliunda umoja wao wa upinzani, UKAWA, na kuachiana majimbo. Matunda yake huku tuliyaona: CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na Kilwa zote mbili, CHADEMA ikachukua Ndanda.

Masasi waliachiwa NLD, chama ambacho kijana wa leo pengine hajakisikia. Mgombea alikuwa mwenyekiti wake mwenyewe, Emmanuel Makaidi. Alifariki katikati ya Oktoba, siku chache kabla ya kura, katika hospitali ya Nyangao. Mgombea akifa, uchaguzi wa jimbo husika husogezwa mbele, kwa hiyo watu wa Masasi walipiga kura ya ubunge baadaye. Mzee yule hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa na chama kidogo, akagombea kwao.

Kosa la wasemao "anagawa kura" ni kudhani kwamba kura zile 7,500 zina mwenyewe, na mgombea wa tatu kaziiba. Asingekuwepo yeye, wapo ambao wangempa wa kwanza, na wapo ambao wangebaki shambani kuokota korosho, maana Oktoba ndiyo msimu. Kuhusu kutumwa, pima mambo yanayoonekana: ana mawakala vituoni? Anafika vijijini, au anaonekana siku ya kurudisha fomu tu? Ukikosa ushahidi, usimzushie mtu.

"Akishindwa, kura yako imepotea"

Naomba nikuingize ndani ya kituo kidogo. Saa kumi jioni mlango umefungwa, waliokuwa kwenye foleni wamemalizika. Ni darasa la shule ya msingi, ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya ambazo mwalimu hakuzifuta. Sanduku linamwagwa mezani. Msimamizi wa kituo anainua karatasi mojamoja, anaigeuzia upande wetu mawakala tuione tiki, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Giza linaingia, taa ya betri inawekwa juu ya dawati. Fungu la mgombea wangu lilikuwa jembamba, karatasi zake unazishika kwa vidole viwili. Zilihesabiwa mara mbili kama za wengine. Zikaandikwa kwenye fomu namba 21B, ile ya matokeo ya ubunge, nikasaini.

Namba ile haikufia darasani. Kura za wagombea ubunge wote wa chama, walioshinda na walioshindwa, hujumlishwa nchi nzima. Katiba, Ibara ya 66 na ya 78, inasema chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge kinapata kugawiwa wabunge wanawake wa viti maalum, kwa uwiano wa kura zake. Maana yake kura ya bibi wa Nanguruwe kwa mgombea aliyeshindwa inaweza kuungana na ya mtu wa Kigoma na ya mtu wa Tanga, ikamwingiza mama mmoja bungeni. Kura hizohizo huingia pia kwenye hesabu ya ruzuku ya chama.

Sikatai kwamba asilimia 5 ni kizingiti kigumu, na vyama vingi havikifikii. Ila kuwaambia watu kura zao "zimepotea", na huku ndizo zinazojumlishwa kuelekea kizingiti hicho, ni kuwakatisha tamaa bure.

"Mkichagua mpinzani hampati maendeleo"

Maneno haya yametamkwa hata majukwaani na watu wenye vyeo, kwa hiyo bibi simlaumu. Lakini tazama sheria. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Unagawiwa kwa kanuni inayoangalia idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo. Chama hakimo kwenye kanuni hiyo. Na mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge wa jimbo, awe wa chama chochote. Barabara, zahanati na maji yako kwenye bajeti inayopitishwa na Bunge zima, kwa kodi na tozo ambazo tunazilipa sote.

Sisi wa kusini tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini inasomwa bungeni, Mtwara ilikuwa inawaka moto kwa kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Wakati huo majimbo mengi ya mkoa yalikuwa mikononi mwa chama tawala. Kisha Juni 2018 likaja suala la ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kuendeleza zao. Wabunge wa kusini wa chama tawala na wa upinzani walisimama pamoja kuipinga Serikali, na bado fedha ile iliondolewa. Kwa hiyo kuwa na mbunge wa chama tawala hakujawahi kuwa hati ya kupata unachotaka.

"Mbunge mmoja wa chama kidogo atafanya nini peke yake?"

Kuongoza Kambi Rasmi ya Upinzani hawezi, maana kambi inahitaji asilimia 12.5 ya wabunge wote. Lakini kuuliza swali la msingi na la nyongeza, kukaa kwenye kamati, kuleta hoja binafsi, hayo ni yake kama ya mwenzake yeyote.

Mwaka 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, chama kilichokuwa na majimbo manne tu, ndiye aliyesimama na suala la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Alibezwa hadharani. Novemba ile Kamati ya Hesabu za Serikali ikaleta taarifa yake bungeni. Kabla Januari 2015 haijaisha, Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine amejiuzulu.

Mengine niyapitie haraka. Si kweli kwamba mgombea lazima awe na digrii. Ibara ya 67 inataka raia, umri wa miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama. Si kweli kwamba fomu ni ya matajiri: dhamana ya ubunge imekuwa shilingi 50,000, na wadhamini wanaotakiwa ni wapiga kura 25 wa jimbo. Kinachokula fedha ni mafuta ya gari na posho ya mawakala, na hapo vyama vidogo vinaumia kwelikweli. Si kweli pia kwamba mtu anaweza kukikwepa chama akagombea mwenyewe. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi tangu miaka ya tisini, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikasema kumzuia ni kuvunja haki. Katiba bado inataka chama.

Na ukichaguliwa, ukihama chama, kiti unakiacha. Liwale wanajua: mwaka 2018 mbunge wao aliyechaguliwa kwa CUF alihamia CCM, ukaitishwa uchaguzi mdogo, akarudi kwa tiketi mpya.

Liko moja limebadilika na wengi hawajalipata. Mwaka 2020 Ruangwa hawakupiga kura ya ubunge, mgombea alipita bila kupingwa. Chini ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024, mgombea akibaki peke yake lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana.

Bibi nilimweleza hayo ya jimbo na hesabu yake, nusu saa nzima, yeye anabangua. Mwisho akaniuliza, "Hapa kwetu shuleni, mara ile nyingine, wa chama hicho alipata kura ngapi?" Sikujua. Nikamwambia matokeo ya kila kituo hubandikwa nje, mtu yeyote anasoma. Akamwita mjukuu wake wa darasa la sita aliyekuwa anachezea baiskeli: "Siku hiyo, wewe ndiye utakayenisomea."