Gramu 15 zilizotoroka kwenye chupa

Kila mwaka kidato cha tatu wakifika kwenye kanuni ya uhifadhi wa tungamo, kitabu kinawaletea utepe wa magnesi. Unaungua, mwanga unawaumiza macho, unabaki unga mweupe, basi. Wanakariri kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka. Kesho yake ukiwauliza gunia la mkaa la nyumbani limeenda wapi, wanakujibu: "Limeisha, Madam."

Kwa hiyo nimehamia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Hapa Moshi hakuna asiyewahi kuona povu likipanda kwenye pipa la ndizi na kimea cha ulezi. Sipiki pombe darasani, jamani, bado naupenda mshahara wangu. Natumia sukari, maji ya uvuguvugu na hamira ya maandazi.

Lavoisier mwenyewe, Mfaransa tunayemhusisha zaidi na kanuni hii, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1789 kwenye sura ya uchachukaji wa mvinyo. Alipiga hesabu ya sukari, maji na chachu vilivyoingia, akaidai pombe na gesi zilizotoka zilingane navyo. Magnesi haikuwa na habari.

Muhula uliopita tulitia sukari gramu 40 kwenye nusu lita ya maji, mdomo wa chupa tukauziba kwa pamba. Siku ya tatu mizani ilisoma pungufu kwa gramu 15. Kijana mmoja akasema labda kuna mtu kaonja. Nikawaandikia ubaoni: glukosi gramu 180 huvunjika kuwa pombe gramu 92 na hewa ukaa gramu 88. Karibu nusu ya sukari inapanda hewani! Yale mapovu ambayo bibi huyapuliza pembeni kabla ya kuchota kata yana uzito wake, ila hayajawahi kuwekwa kwenye mizani.

Basi tuyakamate. Tukaanza upya na sukari gramu 4, mdomoni tukavalisha puto. Likavimba kama lita moja, halikuvuja, na bado mizani ikasoma pungufu kwa karibu gramu 1. Darasa likashangilia: kanuni imevunjika! Hapo ndipo nilipofurahi kuliko siku zote. Puto likivimba linasukuma hewa iliyokuwa mahali pake, na hewa hiyo inalibeba kidogo juu, kama maji yanavyombeba muogeleaji. Lita moja ya hewa ya huku kwetu ina uzito wa kama gramu 1. Ndiyo hiyo waliyoikosa.

Dawa ni chombo kisichovimba. Chupa ya soda ya plastiki, kizibo kikazwe sawasawa, maji nusu chupa. Ikawa ngumu kama jiwe, na tarakimu za mizani hazikusogea tangu asubuhi hadi kesho yake. Ukijaribu nyumbani, sukari isizidi gramu 2, na usitumie chupa ya kioo. Dumu la bibi lililokazwa kifuniko liliwahi kukirusha hadi darini, na alama yake ipo mpaka leo.