Ndege wa matopeni: acha rangi, tazama anavyokula

Wengi wanaokuja Tanga kuangalia ndege hupanda moja kwa moja hadi Amani, na msitu ule unastahili safari. Mimi moyo wangu uko pwani, Sahare, Mwambani mpaka Kigombe, bahari inapokupwa na tope kubaki wazi.

Kinachowavunja moyo wanaoanza ni kwamba vitwitwi, hao ndege wa matopeni, karibu wote wanafanana. Wanaanza kutufikia mwezi wa Agosti, wengine kutoka Siberia, wengine kutoka nyanda za juu za Asia, na wakiwa kwetu hubadili manyoya ya msimu wa kuzaa. Kitabu kinaonyesha kifua chekundu. Kwenye darubini unaona mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, kundi zima. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu waiache rangi kwanza, watazame mlo.

Wapo wanaowinda kwa macho. Hao wana macho makubwa na mdomo mfupi. Ndege anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Wengine huwinda kwa kupapasa. Mdomo wao ni mrefu, na ncha yake imejaa mishipa ya fahamu inayohisi mnyoo usioonekana ndani ya tope. Hawa huenda wameinamisha kichwa, wakichoma na kuchoma bila kupumzika. Ukishaujua mgawanyo huu, nusu ya kazi imekwisha.

Mtazame sululu. Mdomo wake umepinda kwenda chini, na unaingia vizuri kwenye mashimo ya wale kaa wadogo wa kando ya mikoko wenye gando moja kubwa. Anauzamisha, anageuza shingo, anamchomoa kaa na kumkung'uta mpaka gando na miguu vikatike. Kama kaa ana tope jingi, sululu humsuuza kwanza kwenye kidimbwi, ndipo ammeze.

Ninayempenda kuliko wote ni mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ana miguu mirefu ya rangi ya samawati-kijivu na mdomo mweusi mnene, na huyu hakuna wa kumchanganya naye. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuanzia Bahari ya Shamu hadi Ghuba ya Uajemi. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja, jeupe, na joto la mchanga lenyewe husaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayefanya hivyo. Kinda husafiri na wazazi mpaka huku kwetu, na utamwona, mkubwa karibu sawa nao, akimfuata mama au baba kwa kelele akiomba alishwe.

Yupo pia kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, anayezaa kaskazini kabisa mwa Siberia. Kule kuna panya wadogo waitwao lemingi. Wakiwa wengi, mbweha hushiba hao. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege. Ndiyo maana katika makundi yanayofika Afrika, kuna miaka ndege wachanga ni wengi na miaka mingine ni wa kutafuta.

Sasa kuhusu wakati. Usifuate jua, fuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, huku kwetu maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ndege huwa mbali, vidoa tu. Subiri yaanze kujaa. Yanavyopanda ndivyo yanavyowasukuma kuja ulipo, na saa mbili hivi za mwanzo ndizo bora. Tope likifunikwa, huhamia kwenye majaruba ya chumvi kupumzika kwa mguu mmoja.

Hapo majarubani naomba tusiwasogelee, hasa Machi na Aprili. Ni miezi ya kuweka mafuta ya safari ya kurudi, na kila wanaporushwa ovyo wanayachoma bure. Kaa kwenye tuta la mbali, jua likiwa mgongoni pako, tulia. Mwezi huo wa Aprili baadhi yao huanza kuwa wekundu kifuani, na hapo unaweza kukifungua kitabu.