Sumu ya nyonyo na kansa: maswali na majibu

Eti mbegu za nyonyo zinatibu kansa?

Hapana, na ukizitafuna zinaweza kukuua. Ila hayo maneno yana chanzo. Mbegu za mbarika, wengine tunauita mnyonyo, zina sumu inaitwa risini, aliielezea Hermann Stillmark mwaka 1888 kule Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, Estonia. Risini ikishaingia ndani ya seli inaishia kwenye ribosomu, yaani vile vijiwanda vya kutengenezea protini, na molekuli moja tu inaharibu ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika, sasa seli ikikosa protini inakufa, hakuna namna. Ndo watu wa maabara wakaanza kuwaza: hii kitu tukiipeleka kwenye seli za kansa tu je? Njia mojawapo waliyoifikiria ni kuifunga sumu kwenye homoni iibebe.

Na mafuta ya nyonyo tunayopaka kichwani?

Paka tu. Risini haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu.

Sasa homoni inaingiaje hapo?

Homoni ndo inayoijua njia. Ubongo unatoa homoni inaitwa GnRH, kidude kidogo cha asidi amino 10 tu (Schally na Guillemin walioichambua walipata Nobel 1977), na kazi yake ni kuamsha tezi iliyo chini ya ubongo ili mwisho wa siku korodani zitoe testosteroni na ovari zifanye kazi yake. Seli inayoitambua GnRH ina kipokezi chake nje, homoni ikishatua pale seli inaivuta ndani yenyewe. Na ikaonekana seli nyingi za kansa ya tezi dume, matiti na ovari nazo zina hicho kipokezi. Kwa hiyo ukiifunga sumu kwenye homoni, seli inapokea mgeni inayemjua, kumbe kabeba mzigo.

Sumu nzuri kwa kazi hii ni ile isiyoweza kuingia yenyewe. Risini ina vipande viwili, kimoja cha kushika seli na kimoja cha kuua, ndo maana inaua chochote inachokutana nacho. Ila kuna mmea wa Marekani unaitwa pokeweed, sumu yake ina kile kipande cha kuua tu, ikiwa peke yake inapata tabu sana kuingia kwenye seli. Watafiti wa Colorado waliiunganisha na GnRH, na mbwa dume waliochomwa mchanganyiko huo testosteroni yao ikashuka. Kwenye maabara pia iliua seli za kansa zenye kile kipokezi.

Mbona basi dawa ya namna hiyo hospitali haipo?

Kwa sababu mwili sio chupa ya maabara. Kwanza sumu hizi ni protini ngeni, mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake, yaani protini za kinga zinazomshika mvamizi, dozi ya kwanza inapita, za mbele zinakamatwa njiani. Pili, sumu za aina hii zikiingia kwenye damu zinaweza kufanya mishipa midogo ivujishe maji, mgonjwa anavimba na presha inashuka. Tatu, ile tezi ya chini ya ubongo nayo ina kipokezi hicho hicho, kwa hiyo nayo inapigwa. Na hata bila sumu ya mmea, kuna dawa ya chemo, doksorubisini, iliyofungwa kwenye homoni ya aina hiyo ikajaribiwa kwa kansa ya mji wa mimba, 2017 majibu yakatoka: wagonjwa hawakuishi zaidi ya waliopewa doksorubisini ya kawaida.

Kwa hiyo wazo limekufa?

Hapana bwana, na hapa Afrika Mashariki tunahusika kabisa. Mwaka 1972 ilitangazwa sumu inaitwa maitansini, imetoka kwenye mmea wa Ethiopia. Ili wapate ya kutosha kupima, Wamarekani wakaja kuvuna ndugu yake huyo mmea Shimba Hills, Kenya, zikaondoka tani kama 27, miti mikubwa yote ya aina hiyo pale ikaisha (hili mimi huwa linaniuma). Wakawapa wagonjwa ikiwa tupu, ikawaumiza vibaya na faida haikuonekana, ikawekwa kando. Miaka ikapita, wakaibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye trastuzumabu, kingamwili ya kutengenezwa inayoshika seli za kansa ya matiti zenye kipokezi kiitwacho HER2, na 2013 dawa hiyo, Kadcyla, ikaidhinishwa Marekani. Hapo kilichoipeleka ni kingamwili badala ya homoni ila akili ni ile ile. Na siku hizi malighafi yake inatoka kwa bakteria, hakuna anayekata mti.

Mtoto katafuna mbegu za mbarika, nifanyeje?

Mkimbize hospitali sasa hivi, usisubiri atapike wala aharishe, maana dalili zinaweza kuchelewa masaa kadhaa. Dawa ya kuifuta risini haipo, madaktari wanamsaidia kwa maji ya dripu na uangalizi, ndo maana kuwahi ni muhimu. Beba na mbegu zilizobaki uwaonyeshe.