Lord Harris na asili ya kriketi ya India

Imeandikwa mara nyingi kwamba Lord Harris, aliyekuwa nahodha wa Uingereza na mchezaji wa ridhaa wa jimbo la Kent, ndiye aliyewapa Wahindi mchezo wa kriketi alipokuwa gavana wa Bombay (leo Mumbai), enzi za ukoloni wa Uingereza. Dai hili haliendani na tarehe.

Harris, ambaye kabla ya hapo alikuwa naibu waziri katika serikali ya Uingereza, kwanza kwenye wizara ya mambo ya India na kisha ya vita, alishika ugavana mwezi wa Aprili 1890 na kuuacha mwaka 1895. Lakini Waparsi wa Bombay, jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroaster, walikuwa wameunda klabu yao ya Oriental tangu 1848, miaka mitatu kabla Harris hajazaliwa. Walisafiri kwa gharama zao hadi Uingereza mwaka 1886, wakashinda mechi moja tu kati ya 28. Waliporudi huko mwaka 1888 walishinda nane. Mnamo Januari 1890, gavana huyo akiwa bado hajawasili, waliifunga mjini Bombay timu ya Waingereza iliyoongozwa na G. F. Vernon.

Hata hivyo, si haki kumfuta kabisa. Wakati wa utawala wake, mwaka 1892, yalianza mashindano kati ya Wazungu na Waparsi. Ila wenyeji walipolalamika kwamba farasi wa polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi, wanauharibu uwanja wao, serikali yake iliwapendelea wachezaji wa polo, ambao walikuwa Wazungu. Mlezi wa namna hiyo ni wa ajabu kidogo.