Nano na saratani ya kinywa: jibu langu kwa wanaoniuliza

Mimi ni daktari wa kinywa na meno hapa Unguja. Siku hizi vijana wanaowaleta wazee wao kliniki huniuliza kuhusu "dawa ya nano" waliyoiona kwenye simu. Nalipenda swali hilo, kwa sababu saratani ya kinywa ni miongoni mwa zile ambazo nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza na kutumia chembe ndogo mno, ina nafasi nzuri ya kusaidia kuzitibu. Kinywa kinafunguka. Taa inafika, sindano inafika, kidole kinafika. Uvimbe wa kongosho hauna bahati hiyo.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000 hadi 100,000. Kitu kikisagwa hadi kipimo hicho hubadilika tabia. Chembe za dhahabu za nanomita 20 zikiwa ndani ya maji, maji yale huwa mekundu ya kukoza, wala hayana unjano wowote. Zikitengenezwa kwa umbo la vijiti badala ya duara, hunyonya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini unaopenya nyama kidogo, na zikishaunyonya hupata moto.

Mostafa El-Sayed, mkemia mzaliwa wa Misri aliyefundisha Georgia Tech huko Marekani, aliifanyia kazi tabia hiyo pamoja na Xiaohua Huang na mwanawe Ivan, ambaye ni mpasuaji wa kichwa na shingo. Seli nyingi za saratani ya kinywa hubeba kwa wingi kipokezi kiitwacho EGFR, protini ya juu ya seli inayopokea ishara za kukua. Mwaka 2005 walionyesha kwamba chembe za dhahabu zilizovishwa kingamwili za kukitafuta kipokezi hicho huzing'ang'ania seli za saratani kwa asilimia 600 zaidi kuliko seli zisizo na saratani, na chini ya hadubini seli zile zikang'aa. Mwaka uliofuata wakatumia vijiti vya dhahabu na leza: seli za saratani zikafa kwa takriban nusu ya nguvu iliyohitajika kuziua seli zisizo na saratani.

Hayo yalifanyika kwenye vyombo vya maabara. Mwilini mambo ni magumu. Mwaka 2016 timu ya mtafiti Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ilipitia tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama, ikakuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na bandama. Ndiyo maana naiona njia ya kudunga moja kwa moja ndani ya uvimbe kuwa na mashiko zaidi, na kinywani hilo linawezekana. Kampuni ya Nanobiotix ya Ufaransa ilibuni chembe za hafniamu oksaidi (hafniamu ni metali nzito), zinazoitwa NBTXR3, zinazodungwa kwenye uvimbe kabla ya mionzi. Hafniamu hunyonya mionzi zaidi kuliko nyama, hivyo kipimo kinachofanya kazi ndani ya uvimbe huongezeka. Jaribio kubwa kwa wazee wenye saratani ya kichwa na shingo wasioweza kupewa sisplatini, dawa ya saratani inayotolewa pamoja na mionzi, lilianza mwaka 2022.

Kinachonipa hamu zaidi, hata hivyo, ni mate. Mate ya mwenye saratani ya kinywa huwa na protini fulani kwa wingi, IL-8 mojawapo, na watafiti wanatengeneza vipimo vidogo vyenye chembe za nano vya kuzinasa. Kipimo kama hicho kinaweza kupandishwa mashua hadi kisiwa cha Kojani bila kuhitaji maabara wala umeme wa uhakika.

Maana tatizo letu kubwa ni kuchelewa. Bibi mmoja mla tambuu alikuja kwangu kwa ajili ya jino bovu. Nilipolivuta shavu, pale anapopaweka tambuu yake palikuwa na utando mweupe wenye mikunjo, na katikati doa jekundu. Nikaufuta kwa shashi, haukutoka. Nikapapasa kwa kidole, ukingo wake mgumu.

"Mbona hakiumi, mwanangu?" akaniuliza.

Saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Na lile doa jekundu hututia wasiwasi zaidi kuliko weupe. Wengi hapa wanaamini tambuu isiyo na tumbaku haina neno, ilhali shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilishachapisha mwaka 2004 uamuzi kwamba popoo yenyewe, ile kokwa iliyomo ndani ya tambuu, inasababisha saratani. Kuberi na ugoro, ambavyo ni tumbaku, siwezi hata kuanza kuvitetea.

Chupa za "nano" zinazouzwa mtandaoni nawakataza wagonjwa wangu waziwazi: hakuna dawa ya nano ya kunywa iliyothibitishwa kutibu saratani ya kinywa, na mgonjwa anayeinywa anaupa uvimbe miezi ya kuhamia kwenye tezi za shingo. Kidonda, doa au uvimbe uliopita wiki mbili bila kupona uonwe na daktari. Tutapiga ganzi, tutakata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Ni kazi ya dakika chache, na hata hao wazee wa majaribio ya hafniamu hawakuingizwa kabla kipande chao hakijasomwa.