Ubongo haujaoza: dhana potofu kuhusu simu na kufikiri kwa kina

Mtu akishindwa kumaliza kurasa tano za kitabu bila kuichungulia simu, hujihukumu mwenyewe papo hapo: "Akili yangu imekwisha." Hukumu hiyo imejengwa juu ya mambo ambayo mengi si ya kweli, na ubaya wake ni kwamba humkatisha tamaa hata ya kujaribu.

"Siku hizi binadamu anatulia sekunde 8 tu, hata samaki kamzidi."

Takwimu hiyo ilienea mwaka 2015 kupitia ripoti ya Microsoft ya Kanada. Waandishi wa habari waliokwenda kutafuta chanzo chake hawakukuta utafiti wowote wa kuiunga mkono. Samaki naye kasingiziwa, maana huyo goldfish, samaki mdogo wa mapambo anayetajwa kwenye takwimu hiyo, anaweza kukumbuka aliyofunzwa kwa miezi.

Kilichopimwa kweli ni hiki. Mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akifuatilia watu wanaofanya kazi kwenye kompyuta. Mwaka 2004 mtu alikaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2012 ilikuwa sekunde 75, na baadaye zikashuka hadi 47 hivi. Lakini angalia vizuri: huo ni muda ambao mtu anakaa, si muda anaoweza kukaa. Anayeinuka kitini kila dakika hajapooza miguu; amezoea kuinuka. Na yuleyule anayelalamika kwamba hana umakini ataangalia filamu ya saa mbili bila hata kwenda msalani.

"Adui ni arifa. Nikizizima, nimemaliza."

Nusu ya kweli. Mark na wenzake walipowachunguza wafanyakazi maofisini, waligundua kwamba karibu nusu ya vikatizo watu hujiletea wenyewe. Simu haikulia wala haikutetemeka, mkono ulijiendea. Ukijichunguza utaona mkono huo una wakati wake maalumu: hauendi pale kazi inapoteleza, unakwenda pale sentensi inapokataa kukaa sawa, au hesabu inapogoma. Yaani tunakimbia mahali palepale ambapo kufikiri kwa kina kulikuwa kunataka kuanza.

Hata hivyo arifa si za kupuuzwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 uliwaletea baadhi ya watu arifa zao kwa mafungu, mara 3 kwa siku, nao wakajiona wametulia zaidi na kazi inakwenda. Waliozimiwa arifa zote hawakupata nafuu hiyo; badala yake walikuwa na wasiwasi zaidi, wakijiuliza wanapitwa na nini. Kwa hiyo dawa si kimya cha jumla, ni kuwa na saa inayojulikana ya kujibu watu.

Je, kuiweka simu chumba kingine? Jaribio la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, la mwaka 2017 lilidai kwamba simu ikiwa mezani tu, hata imezimwa, inapunguza uwezo wa kufikiri. Waliorudia jaribio hilo wamepata majibu yanayopishana, basi mimi silishikilii. Chumba kingine nakipendekeza kwa sababu nyepesi zaidi: safari ya kufika huko inampa mtu nafasi ya kujiuliza anafuata nini.

"Mimi naweza mambo mawili kwa pamoja."

Mshika mbili moja humponyoka, na maabara zimewaunga mkono wahenga. Mwaka 2009 watafiti wa Stanford waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa wakati mmoja, wakakuta ndio walioshindwa zaidi kuyachuja yasiyohusika, na hata kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine walichelewa. Mwaka huohuo mtafiti Sophie Leroy alieleza jambo analoliita mabaki ya umakini: ukiacha kazi katikati na kushika nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Ndiyo maana "nijibu ujumbe mmoja tu" huwa ghali kuliko hizo sekunde zake.

"Kuna michezo ya simu ya kuunoa ubongo."

Utakuwa hodari wa mchezo huo tu. Mwaka 2016 kampuni yenye Lumosity, programu ya michezo ya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 2 nchini Marekani kumaliza shauri la matangazo yaliyoahidi kupita ushahidi.

"Lazima nifunge simu kabisa ili dopamini ijae upya."

Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya kutafuta kitu, si maji ya tangi. Ila kupunguza kunasaidia kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, watu 467 walitakiwa kufunga intaneti kwenye simu zao kwa wiki mbili, huku wakiendelea kupiga simu na kutuma ujumbe wa kawaida. Si wote waliotii sharti kikamilifu, lakini uwezo wao wa kutulia kwenye jambo moja ulipanda. Na zile "siku 21 za kujenga tabia" tuzisahau: utafiti wa London wa mwaka 2010 ulipata wastani wa siku 66, wengine 18, wengine makadirio yakafika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

"Wanaofikiri kwa kina hukaa mezani kutwa nzima, wala hawachoki."

Wapiga fidla bora wa Berlin waliochunguzwa na mwanasaikolojia Anders Ericsson, katika utafiti wa mwaka 1993, walifanya mazoezi makali peke yao kama saa 3 na nusu kwa siku, kwa vipindi, na walilala mchana. Anayeanza upya atosheke na dakika 20. Andika swali moja juu ya karatasi. Weka karatasi ya pili pembeni kwa ajili ya yale yatakayovamia ("nimpigie fulani", "nilipe bili"), uyaandike na kurudi. Uchoshi utakuja mapema, na wengi huuchukulia kuwa ushahidi kwamba wameshindwa. Si wewe peke yako usiyeupenda. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, watu waliachwa chumbani na mawazo yao kwa dakika 15, bila chochote ila kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo hapo awali walisema wangelipa fedha kuiepuka. Kati ya wanaume 18, 12 walikibonyeza.