Konokono na Kaa wa Tangi la Maji ya Chumvi: Mzima, Mgonjwa au Amekufa?

Tangi langu liko sebuleni hapa Kisumu. Ziwa liko karibu lakini maji yake ni matamu, kwa hiyo maji ya bahari nayachanganya mwenyewe kwenye ndoo. Ndani wanaishi konokono, kaa wadogo wanaobeba makombe na kiumbe mmoja wa miiba (kwa Kiingereza sea urchin), wote walaji wa mwani unaoota kwenye kioo na mawe. Wageni hutazama samaki. Mimi kila asubuhi huanza na hawa wadogo, kwa sababu maji yakiharibika mara nyingi wao ndio hutangulia kuumia. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa.

Konokono wangu hajasogea tangu jana. Amekufa?

Huenda amepumzika tu. Konokono wengi wa mwani hula usiku, na mchana hutulia pahali pamoja. Tazama kwanza alivyoshika. Ukimvuta kidogo naye akazidi kung'ang'ania kioo, huyo ni mzima. Akiwa chali mchangani, mgeuze, mweke karibu na jiwe, kisha umpe saa kadhaa. Konokono wa aina ya trokasi hujigeuza mwenyewe. Wa aina ya astrea akianguka chali mara nyingi hubaki hivyo hivyo hadi afe njaa au aliwe na kaa. Kuanguka mara moja si neno. Anayeanguka kila siku ana shida.

Kisha gusa kifuniko cha mlango wake. Mzima hujifungia upesi. Mgonjwa hujivuta polepole, au mwili unaning'inia nje bila kujali mguso wako. Bado una shaka? Mtoe majini umnuse. Harufu ya konokono wa bahari aliyeoza hata mtu aliyezoea soko la samaki ataikunjia uso. Huyo mwondoe papo hapo, kwani mzoga hutoa amonia na amonia huwamaliza wenzake.

Nimekuta kaa wangu amelala nje ya kombe, hatikisiki. Nimtupe?

Subiri! Kaa hukua kwa kujivua gamba, na gamba hilo hutoka na miguu yake yote, hata sehemu ya macho. Liinue kwenye mwanga. Likiwa tupu, jepesi na halinuki uozo, mwenyewe yu hai, amejificha na mwili laini. Usimsumbue kwa siku kadhaa. Mwekee pia makombe matupu makubwa kidogo kuliko lake, maana akikosa nyumba humuua konokono ili achukue yake.

Kiumbe wa miiba anapimwaje?

Pitisha mkono juu yake. Wale wa miiba mirefu myeusi, wanaoogopwa na waogeleaji wa pwani, huelekeza miiba palipo na kivuli. Katikati ya miiba kuna vimiguu vyembamba vya kunatia. Vikiwa vimenyooka na kushika kioo, yuko salama. Miiba ikidondoka kwa wingi, pima chumvi siku hiyo hiyo.

Kwa nini chumvi kwanza?

Samaki ana namna ya kusawazisha chumvi mwilini mwake. Hawa hawana, maji yakibadilika, miili yao hubadilika nayo. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na haidromita, chombo cha kupimia chumvi kwa uzito wa maji, husoma karibu 1.025. Joto la Kisumu hukausha maji lakini chumvi hubaki, kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji matamu yaliyotolewa klorini, si kwa maji mengine ya chumvi. Konokono au kaa mgeni aliyetoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 800, mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa moja hivi.

Niko Nakuru. Siwezi kutumia maji ya ziwa letu?

Hapana. Chumvi yake ni ya magadi, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ugadi wa maji, iko juu kuliko ile ya bahari, ambayo ni kama 8.1. Nakuru ina jambo jingine pia. Mko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na maji hapo hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Stima ikipotea usiku, utawakuta konokono wamepanda hadi ukingoni mwa maji. Hilo ni ombi la hewa. Wekeni pampu ya betri.

Kaa wote walikufa usiku mmoja, ila konokono wako sawa. Nini kimetokea?

Nitakuuliza kama mlipuliza dawa ya mbu. Mimi yalinipata, na bado yananiuma: nilipuliza sebuleni jioni, pampu ya hewa ikavuta ile dawa hadi majini, asubuhi sikubakiwa na kaa hata mmoja. Kaa ni jamaa ya wadudu, na sumu inayomwangusha mbu humwangusha yeye. Malaria hatuwezi kuipuuza huku, kwa hiyo pulizeni, lakini kwanza funikeni tangi na kuzima pampu hadi hewa isafike. Wala usishone kichujio kwa kipande cha neti yenye dawa.

Wakifa kaa na konokono pamoja, fikiria shaba. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki zina shaba, na kiasi kinachomponya samaki huwaua hawa.

Watoto wakiwashika watapata kichocho?

Konokono wa kichocho huishi maji matamu. Hata hivyo, mikono ioshwe kwa sabuni.

Kioo changu kinang'aa lakini konokono wanakufa mmoja mmoja.

Wanakufa njaa. Mwani umekwisha. Utaona wayo umenywea na mwili umerudi ndani sana. Chemsha jani la spinachi kidogo tu lilainike, lifunge kwenye jiwe, ulishushe taa zikizimwa. Asubuhi toa lililobaki.